Sahani ya Mshindi

Wasichana wenzangu wa Likasi walipata wachumba wao kwenye kwaya, sokoni au kwenye foleni ya maji. Wangu nilimpata juu ya mgongo wa farasi ambaye hakuwepo, farasi wa kompyuta. Nikilisema hilo watu hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu mtu anayecheka hana haraka ya kuuliza swali la pili.

Mwaka ulikuwa tisini na tisa. Jumapili hiyo, saa nane mchana, karakana ya Séraphin mtaani Kikula ilikuwa imejaa hadi dirishani. Séraphin alikuwa fundi wa redio. Kompyuta ile aliiunda mwenyewe kutokana na kompyuta mbili mbovu alizozileta kutoka Zambia, na ndani ya mojawapo alikuta mchezo: farasi anakimbia porini, anaruka magogo, mitaro na nyua za miti, anaingia majini na kutokea ng'ambo. Vizuizi ishirini na viwili. Kompyuta inahesabu muda wako, na farasi wako akikataa kuruka mara tatu, umetolewa. Kiwanda cha shaba kilikuwa kimenyamaza na baba zetu walishinda barazani wakitazama barabara, kwa hiyo mchezo huo tuliupenda kupita kiasi. Umeme wa mtambo wa Mwadingusha ukikubali tu kuja, watu walikimbilia Kikula wakiwa bado na nguo za misa.

Ukutani Séraphin alikuwa amebandika kadibodi: GRAND PRIX YA KIKULA. Chini yake aliandika zawadi: mshindi atakula kwa Mama Hortense.

Mama Hortense ndiye mama yake, mjane wa msimamizi wa kiwandani, na parokia nzima ilijua anavyopika samaki wa mto Lufira. Alikuwa ameahidi mbele ya wanawake wenzake kwamba atamlisha mshindi, awe nani awe. Alidhani atakuwa Bertin, muuza mikate, maana Bertin ndiye aliyekuwa akishinda kila mara. Hakujua kwamba mwanawe amemwekea mtego. Kwa miezi saba Séraphin alimwomba anipokee, na kwa miezi saba jibu lilikuwa lile lile: "Ule mutoto wa maneji, hapana mu nyumba yangu." Sababu hakutoa.

Maneji ilikuwa klabu ya farasi ya Wazungu kwenye barabara ya Kambove, na baba yangu, Godefroid, alitunza farasi pale kwa miaka kumi na tisa. Mimi na Séraphin tuliamini kwamba mama anaona binti wa mtu wa mazizini hamfai mwanawe. Jambo hilo liliniuma, na mimi nikiumwa hupandwa na hasira. Niliapa kwamba nitaingia katika nyumba ile kwa mlango wa mbele, na yeye mwenyewe ndiye atakayenipakulia.

Bertin alipanda kabla yangu. Kwenye kibodi kuna kitufe cha fimbo, na Bertin alikibonyeza tangu kizuizi cha kwanza kama mtu anayeua mbu. Farasi wake alikwenda mbio sana. Lakini pembeni mwa kioo kuna mstari wa kijani unaoonyesha nguvu za mnyama, na mstari wa Bertin ukawa mwekundu kabla hajafika majini. Kizuizi cha kumi na saba ni bwawa, unaliingia kwa kuruka gogo. Farasi alisimama. Fimbo. Akasimama tena. Fimbo. Mara ya tatu kioo kikawa cheusi, na watu wakapiga kelele.

"Hii cheval iko mugonjwa!" alilia Bertin, akimwonyesha farasi wake.

"Ni weye njo uko mugonjwa ya vidole," nilimwambia. "Toka pa kiti."

Nilikaa. Séraphin aliinama begani kwangu kana kwamba anarekebisha waya. Hakukuwa na waya wowote wa kurekebisha.

"Émé, uko natetemeka."

"Sitetemeki. Ni kiti yako."

"Ukishinda, Maman atafungua mulango. Aliahidi."

"Nayua. Toa mukono, bantu banaona."

Aliutoa taratibu, kama mtu ambaye hana haraka kabisa. Nikaandika jina la farasi wangu kama nilivyoliandika kila Jumapili: MIRABELLE.

Mirabelle alikuwa jike la kweli la maneji, rangi ya kahawia, na doa jeupe kwenye paji la uso. Nilipokuwa na miaka minane, Wazungu wakienda kula mchana, Baba alikuwa akinipandisha mgongoni mwake na kutembea kando yetu, mkono mmoja kwenye goti langu. Alinifundisha kwamba farasi huvuta pumzi moja kubwa kabla hajaruka, na ukimwacha aivute, ataruka hata usichomwomba. Kwenye kompyuta hakuna pumzi ya kweli, najua. Lakini mimi nilimwachia.

Nilianza polepole. Watu wakanung'unika.

"Émérence, ile ni cheval ao ni konokono?" aliuliza Bertin.

Gogo, mtaro, ua, mlima, gogo jingine. Mstari ulibaki wa kijani. Nilijisikia ninanong'ona, "Polepole, Mirabelle, polepole," na karakana ikawa inanyamaza kidogo kidogo. Tulipofika kwenye bwawa niliinua vidole vyote kutoka kwenye kibodi. Farasi alipunguza mwendo, akalitazama gogo, akalivuka peke yake, akaingia majini. Mtu mmoja nyuma yangu alisema "Yesu!" kwa sauti ndogo. Dakika sita na sekunde kumi na moja, bila kukataa hata mara moja.

Walinibeba. Bertin naye alinibeba, akilalamika. Waliponishusha, Séraphin alikuwa amesimama mbele yangu akinitazama kwa yale macho anayoitazamia redio mbovu, kichwa amekiinamisha kidogo, anatafuta sauti iko wapi. Nilimpenda mtu huyu. Nilimpenda kiasi kwamba nilikuwa nikiogopa kumtazama kwa muda mrefu.

"Ile Mirabelle ya kweli," alisema Bertin, "iko wapi leo?"

"Bazungu balimupelekaka Zambia," nilisema. "Na camion."

Nilikuwa nimeusema uongo huo mara nyingi hadi nilikuwa naliona lori lenyewe, na majani makavu yakianguka njiani.

Mimi na Séraphin tulikwenda kwa miguu hadi mtaa wa Panda, ambako mama yake anakaa. Kwa nilivyojua, sikuwahi kufika kwao. Mahali pasipo na watu alinishika mkono, na watu wakitokea aliuachia, kisha akaushika tena, na kila mara nilicheka kama mtoto.

"Usimuogope Maman," alisema. "Iko muzuri. Tangu Papa alipokufaka, alibadilika. Nyama, haikuli tena. Miaka nane, hata kuku."

"Juu ya nini?"

"Ni deuil yake, ni kulilia Papa. Hatumuulizake." Alipiga kijiwe teke. "Papa alikufaka mu mwezi wa kumi, mu tisini na moya, ile wiki ya kisha pillage, wakati bantu baliiba kila kitu. Maduka yote tupu. Famille ya Papa balikuya kutoka Kamina, bantu makumi mbili. Siye hatukuwa na kitu, hata chumvi. Lakini Maman alipataka nyama. Siyui wapi. Bantu balikula, balisema, eh, huyu mwanamuke anaheshimia bwana yake. Minye mwenyewe njo nilikatia baba mukubwa yangu na hii mikono."

Mkono mmoja kati ya hiyo ulikuwa umeshika wangu. Nikauachia, nikajifanya natengeneza kiremba.

"Émé? Nini?"

"Jua kali."

Nikajiambia kwamba misiba ilikuwa mingi wiki ile. Likasi nzima ilikuwa inazika. Nyama nayo ilipatikana kwa njia nyingi, watu walileta mbuzi kutoka vijijini, watu walivunja maghala ya baridi. Nilijipa sababu kumi na mbili, na kila moja ilikuwa nzuri, hadi tulipokunja kona na Séraphin akasema, "Ni hapa."

Uso wa mwenye nyumba nisingeukumbuka, kwa sababu siku ile, miaka nane nyuma, sikuutazama. Nilitazama kizingiti. Kilikuwa cha saruji, na mtu alikuwa amekandamiza humo vifuniko vya chupa, safu kwa safu, vingine vimeng'oka na kuacha miviringo. Kilikuwa bado vile vile. Nilisimama juu yake nikiwa na miaka kumi na mitano, na beseni kichwani.

Wazungu walikuwa wameondoka kwa msururu wa magari, wakaacha farasi saba. Hakuna aliyerudi kuwatazama. Pumba ziliisha. Watu wenye njaa walikuwa wakipenya uzio, na Baba aliwakuta farasi wawili wamekatwa mapanga na bado wanapumua. Ilipofika Alhamisi alikuwa amebaki Mirabelle peke yake. Baba alisema huyu hatakufa namna ile. Alimshika shingo asubuhi, akazungumza naye kwa muda mrefu, kisha akamchinja mwenyewe. Halafu alikwenda nyuma ya zizi akatapika. Nyumbani tulikuwa watoto watano na hatukuwa na unga. Aliniwekea beseni kichwani, akanifunikia nyama kwa gunia, akasema, "Wakiuliza, sema ngombe. Farasi, bantu hawataikula." Nilizunguka hadi nikasikia watu wanalia ndani ya nyumba moja ya Panda. Mwanamke alitoka akaniuliza ni nyama ya nini. Nikasema ng'ombe. Akaniuliza tena. Nikaapa kwa Komunyo yangu ya kwanza, nikitazama vifuniko vya chupa. Akanipa unga, nikakimbia.

"Ingia, Émé," alisema Séraphin. "Mulango iko wazi."

Mama Hortense alikuwa amesimama karibu na meza, mwembamba, amevaa kitenge cha parokia, kitambaa cheupe kichwani. Niliinama kidogo kwa magoti.

"Bonjour, Maman."

Alinitazama. Aliniangalia usoni, kisha akaangalia juu ya kichwa changu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Ni weye njo mushindi?"

"Ni minye, Maman."

"Na Bertin?"

"Alianguka mu maji."

Séraphin alicheka. Mama yake hakucheka. Alimgeukia mwanawe kwa jicho ambalo lilinifanya nimhurumie. "Kumbe njo ile mupango yako."

"Maman, uliahidi. Mbele ya bamama yote."

"Niliahidi. Mukae."

Samaki alikuwa mzima mzima, amelala juu ya nyanya na vitunguu, bukari, ule ugali wetu, ya moto kando, na mboga ya lengalenga. Alisali kwa kifupi. Alinipakulia kwa mkono wake mwenyewe, bila kunitazama, nami nikafikiri ni hasira. Hiki ndicho nilichokiapia. Nimeingia kwa mlango wa mbele, amenipakulia. Nilimega tonge, nikalirudisha kwenye sahani.

"Kula," alisema. "Samaki haiko nyama."

"Asante, Maman."

Séraphin alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda pande mbili. Alieleza Grand Prix yote, kizuizi kwa kizuizi, akionyesha kwa uma. Alieleza jinsi nilivyoinua vidole. Kisha akaweka uma chini, akakaa wima, nikajua kwamba hotuba aliyoiandaa kwa miezi saba imefika.

"Maman, unakatalaka huyu juu papa yake alikuwa palefrenier, muntu wa kuangalia bacheval. Sikia basi kitu papa yake alifanya. Siku ya pillage, bantu banavunja, banaiba, banachoma. Papa Godefroid hakukimbia. Alilala na bacheval mu écurie, na fimbo. Alibapakia mu camion, yote saba, mpaka Zambia. Hakuna hata moya ilipotea. Kazi haikuwa yake tena, bakubwa balikuwa bamesha kwenda, na alifanya. Muntu kama ule, Maman! Unatafuta famille gani ya kupita ile?"

Nilikuwa nimempa lori tu. Fimbo na kulala zizini aliviongeza yeye, kwa mapenzi, na alikuwa anaviamini. Nilisikia uso wangu unawaka hadi masikioni. Baba yangu ambaye hajaingia hata siku moja kwenye lile zizi tangu Alhamisi ile, sasa amefanywa shujaa mbele ya sahani ya samaki, na binti yake amekaa anatafuna.

Mama Hortense aliweka kiganja juu ya meza. "Camion?"

"Camion, Maman."

Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ni kweli, mutoto?"

Neno moja lingetosha. Nilikuwa nimelisema kwa Bertin saa moja tu iliyopita na halikunichoma. Ningesema ndiyo, naye angelazimika kunikubali, na ningeolewa kanisani, na ningelala kila siku karibu na mikono ile iliyomkatia baba mkubwa. Nilimtazama Séraphin. Alikuwa ananitabasamia, ananitia moyo, kama mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake ana jibu.

"Hapana, Maman," nilisema.

"Émé?"

"Hakukuwa camion. Nilikudanganya, Séra. Bacheval balikufa. Ya mwisho ilikuwa Mirabelle. Papa alimuchinja, juu bantu basimukate na mapanga. Na minye nilibeba nyama mu bassin." Machozi yalikuwa yameanza lakini nilikuwa na hasira nayo, nikayafuta kwa nyuma ya mkono. "Nilitembea mpaka Panda. Nilifika pa huu mulango. Kulikuwa kilio. Maman, ulitoka, uliniuliza ni nyama ya nini. Nilisema ngombe. Niliapa na Communion yangu. Sikuyua ni nyumba ya nani. Nimeyua leo, pa mulango."

Nje jirani alikuwa anatwanga.

"Kilio ya Papa?" aliuliza Séraphin.

"Ndiyo."

"Ile nyama?"

"Ndiyo, Séra."

Aliitazama mikono yake, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Nilitamani anitukane. Nilitamani mama yake ainue sahani anirushie nayo, nilikuwa nimejiandaa kabisa, hata mkoba nilikuwa nimeuweka magotini. Lakini Mama Hortense hakunifukuza. Alinikaripia kwa kitu kingine.

"Nani amekutuma useme?"

"Hakuna muntu, Maman."

"Sasa juu ya nini umesema? Miaka nane! Weye ulinyamaza, minye nilinyamaza. Ilikuwa imelala. Unakuya kukula samaki yangu, unaiamusha mbele ya mutoto yangu!"

Nilikuwa sielewi. Séraphin alielewa kabla yangu. Aliinua kichwa polepole.

"Maman. Ulinyamaza nini?"

Mwanamke yule alishika ukingo wa kitambaa cha meza, akaukunja, akaukunjua.

"Niliyua," alisema.

"Uliyua nini?"

"Séra, wacha."

"Maman, uliyua nini?"

"Mutoto anauzisha nyama ya ngombe na machozi?" Sasa naye alikuwa analia, lakini bila sauti, maji tu yakimshuka. "Alikuwa analia, huyu. Analia na bassin ku kichwa, anasema ngombe, ngombe. Niliuliza mara ya pili juu nilitaka aseme kweli nimurudishe. Akaapa. Nikasema, asante Mungu, ameapa. Niliingia nayo mu jikoni. Nyekundu, bila mafuta. Nilisafisha mara tatu. Nilipikaka ngombe maisha yangu yote, Séra, mi siyui ngombe? Lakini papa yako alikuwa amelala maiti pa sebule. Famille yake bantu makumi mbili banaangalia mikono yangu. Dada yake alikuwa amesha kusema, huyu mujane haina haya, anazika kaka yetu na sombe, majani tu ya muhogo. Niliweka pilipili mingi. Nilikupa sahani, ukapeleka."

"Ulinipa minye."

"Nilikupa weye. Sikuweza kupeleka mwenyewe."

"Baba mukubwa alisali juu ya ile sahani. Alisema merci Mungu juu ya muke muzuri wa ndugu yangu."

"Nilikuwa nyuma ya mulango. Nilisikia."

Séraphin alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake na hakukiinua. Alitazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na katika macho yale niliyoyapenda hakukuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, hasira naifahamu. Kilichokuwemo ni haya. Alikuwa anaona haya kwa ajili yetu wote wawili, na kwa ajili ya mikono yake. Akatoka kwa mlango wa uani.

Nilichukua mkoba wangu. Niliwaza nitamwambia nini Baba, niliwaza kwamba sitakanyaga tena Kikula, niliwaza hata Bertin na mikate yake, vitu vya ovyo. Nilikuwa nimempoteza Séraphin. Nilimpoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, na aibu ilikuwa kubwa hadi sikuweza kuulilia upendo wangu vizuri.

"Maman, unisamehe. Ninaenda."

"Unaenda wapi?"

"Ku nyumba. Umesema kweli tangu mwanzo. Mutoto wa maneji, hapana."

"Kaa."

"Maman, siwezi."

"Nimesema kaa!" Kisha sauti ikamwishia. Alinishika kitenge kwenye kiuno, kama vile mtoto anavyomshika mama yake sokoni. "Unafikiri nilikukatala juu ya écurie? Minye, mutoto ya mulimaji? Nilisikia tu ile neno, maneji. Nikasema, kama ni ule wa bassin, akikuya ataniona uso na mi nitamuona. Njo ile tu. Nilikuogopa. Miezi saba niko naogopa mutoto mwanamuke." Alivuta pumzi. "Ukienda sasa, atarudia mu nyumba, atanikuta peke yangu. Siwezi kumuangalia peke yangu. Usiniache na mutoto yangu, Émérence. Kaa na minye."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu.

Niliinua kiti cha Séraphin. Mama Hortense alifuta meza mahali ambapo haikuwa chafu. Nilimsaidia. Mara moja mikono yetu iligongana kwenye kitambaa, tukaiondoa haraka, sote wawili, kama wezi waliokutana kwenye dirisha moja. Nilitaka kumuuliza kama aliionja nyama ile. Sikuuliza. Alinijibu hata hivyo, akitazama ukuta.

"Nilikula. Balinipa sahani, nilikula yote. Ilikuwa tamu. Njo ile inaniua."

"Na siye tulikula, Maman," nilisema. "Ku nyumba. Papa peke yake njo hakukula. Mi nililamba vidole."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, taratibu. Tukasikia maji uani. Séraphin alikuwa ananawa. Alinawa kwa muda mrefu, ndoo ikatikisika, akanawa tena, na kila mara maji yalipomwagika mama yake alifumba macho. Kisha hatua zake zikaja.

Alisimama mlangoni, mikono inadondoka maji. Niliinuka. Sikuweza kumtazama usoni, nilitazama kifungo cha pili cha shati lake.

"Nani mwingine anayua?" aliuliza.

"Papa yangu anayua nyama," nilisema. "Ni nyumba gani, hayui."

"Famille ya Kamina?"

"Hapana," alisema mama yake. "Hata padri. Sikuambia hata padri."

"Mi pia sikuambia padri," nilisema.

Séraphin alibaki amesimama mlangoni. Mle ndani mlikuwa na mtu aliyedanganywa na wanawake wawili aliowapenda, na wanawake hao wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega mbele yake bila kupanga, wamejikunja, wanangoja neno lake. Kama angeniambia nitoke, ningetoka, na nisingemlaumu hata siku moja. Alisogea hadi kwenye meza. Alivuta kiti chake, kisha akavuta na changu.

"Basi tuko batatu," alisema. "Kaa, Émé. Maman, kaa. Samaki inapoa."

Tulikaa. Alimega bukari, akaigawa mafungu matatu kwa mikono yake iliyokuwa bado na maji, akaweka moja mbele yangu, na kwa muda mrefu hakuna aliyemtazama mwenzake.